Tulitoka mtaroni tukijipukuta vumbi. Siku ya 19 bamdogo akashindwa kuvaa ndala

Kijukuu cha Isevya (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mwaka jana tulikuwa tunatoka Urambo kurudi Tabora mjini kwa mchomoko, Probox, watu tisa ndani ya gari ya watano. Mnaijua safari ile. Bamdogo kwa heshima ya umri wake alipewa kiti cha mbele, akabanana na dada mmoja mwenye ndoo ya asali. Hatujafika Ndono, ng'ombe wakakatiza barabara. Dereva akakwepa, gari ikaacha lami, ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Haikupinduka mara tatu kama kwenye sinema. Ililala kama ng'ombe aliyechoka, ndiyo maana hata leo nikihadithia watu wananiuliza, sasa hiyo nayo ni ajali?

Tukatokea madirishani. Dada wa asali alichanika kwenye paji la uso, dereva kaumia mkono, sisi wengine tunajipukuta vumbi na kucheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Bamdogo alikuwa anazunguka kwenye nyasi anatafuta baraghashia yake. Wakamuuliza, mzee umeumia? "Mimi mzima, nitafutieni kofia yangu." Trafiki alipofika akauliza nani kaumia, wakanyoosha mkono wawili, wakaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Sisi tukaambiwa tuna bahati, tukadandia gari nyingine. Sikuchukua hata namba ya ile Probox.

Kesho yake sikuwa na kitu. Keshokutwa asubuhi nikashindwa kugeuza shingo. Mtu akiniita nageuka mwili mzima kama roboti, kisogo kinavuta, mabega yamekaza. Nikasema nimelala vibaya. Baadaye nikaelezwa kwamba kichwa kinaporushwa mbele na nyuma ghafla, misuli na kano za shingo huchanika kidogokidogo, na uvimbe wake huja baada ya saa 24 mpaka 48. Saa za mwanzo mwili unakuwa na moto wa woga, ile homoni ya kukimbia simba, huwezi kusikia hata kidole kilichovunjika. Shingo yangu ilichukua kama wiki nne ikaachia. Mimi si habari.

Habari ni bamdogo. Ana miaka 66, na anatumia ile aspirini ndogo ya moyo kila siku. Siku ya 5 akasema kichwa kinagonga. Panadol. Siku ya 8 bado, tukaenda duka la dawa, muuzaji hakuuliza hata swali, akatoa mseto, dawa ya malaria. Siku ya 13 kichwa kiko palepale, na asubuhi ndiyo kinazidi. Tukaenda kituo kimoja cha afya (sikitaji), akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Malaria. Mseto wa pili.

Siku ya 16 akaanza kulala mchana. Huyu ni mkulima wa tumbaku, tangu nimjue sijamwona amelala jua likiwa juu. Akamwita mjukuu wake kwa jina la shangazi aliyekwishafariki. Mama mdogo akaanza kusema chinichini kwamba mzee amechezewa, maana kwenye chama cha msingi kulikuwa na maneno ya uchaguzi. Siku ya 19 nikafika kuwajulia hali, nikamkuta amekaa kizingitini anajaribu kuvaa ndala ya kushoto. Mguu unapita pembeni. Anaurudisha, unapita pembeni. Nikampa kikombe cha chai, kikamponyoka mkono huohuo wa kushoto.

Nikampigia binamu yangu anayesomea uuguzi. Nikamweleza yote: kichwa, malaria mbili, kulala, ndala, kikombe. Akanyamaza, halafu akauliza: "Kaka, si ninyi mlipata ajali?"

Wakuu, nilikuwa nimesahau. Si kwamba nilipuuza, nilisahau kabisa. Ajali ilishakuwa hadithi ya kuchekesha ya mzee na kofia yake.

CT-scan ikaonyesha damu upande wa kulia wa kichwa, imeusukuma ubongo. Akapelekwa Bugando, Mwanza, wakamtoboa matundu mawili kwenye fuvu. Daktari alituambia iliyotoka ni nyeusi, nyepesi, kama oili chafu ya injini. Siku ya tatu akaomba redio.

Sasa neno langu ni moja. Huku kwetu kichwa kikiuma ni malaria, ukitapika ni malaria, ukichoka ni malaria. Lakini mtu aliyepata ajali, kwa mwezi mzima na zaidi, jambo la kwanza kumwambia muuzaji wa dawa, tabibu, nesi, yeyote, ni: nilipata ajali tarehe fulani. Hata kama hakuulizi. Sisi tulikwenda mara mbili na hatukusema, basi hata yeye angejuaje?

---

Mzee wa Boksi

Watu tisa kwenye Probox? Ajali ilitokea stendi, ng'ombe walikuja kukamilisha tu.

---

Tabibu wa Pembezoni

Mleta uzi, pole sana, na mpe pole bamdogo. Mimi ni tabibu kwenye zahanati huku Uyui, na nitawatetea na kuwalaumu wenzangu kwa pamoja.

Kile kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea, hakioni kimelea chenyewe. Protini ile hubaki kwenye damu wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya mwezi baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mzee aliyemeza mseto siku ya 8, mistari miwili ya siku ya 13 haikutwambia kitu kipya. Pia mikoa yetu hii ya malaria nyingi, mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vichache bila kuumwa. Unampima kwa sababu ya kichwa, unavikuta, unafurahi umepata jibu, kumbe jibu ni la swali lingine. Hapo tunakosea sana, na nasema "tunakosea" nikiwemo.

Ila mjue damu ya kichwani inakuja kwa njia zaidi ya moja. Ya bamdogo ni ile ya polepole. Uzeeni ubongo husinyaa kidogo, vile vimishipa vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando vinabaki vimevutika kama kamba ya nguo. Mtikiso mdogo unakata kimoja, damu inavuja tone kwa tone kwa wiki kadhaa. Anayekunywa aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi, na mlevi wa kila siku naye vilevile. Si lazima agonge kichwa.

Nyingine ni ya haraka: mfupa wa pembeni ya kichwa, juu ya sikio, unapasuka na kukata ateri iliyo chini yake. Huyu anazimia kidogo au hata hazimii, anaamka, anaongea, anakataa hospitali, baada ya saa chache anakoroma na hamwamki. Yule mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, ndivyo alivyokufa Machi 2009. Alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Kanada, akacheka, akarudi hotelini, na huduma ya kwanza alishaikataa. Siku mbili baadaye hayupo. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona alikuwa anaongea vizuri", hainipi amani hata kidogo.

Halafu msikimbilie diklofenaki wala aspirini siku za mwanzo. Zinapunguza damu kuganda. Paracetamol inatosha mpaka aonwe.

---

Mgebuka Mkavu

Kutoka Kigoma hapa. Ya kwetu haikuwa kichwa, ilikuwa tumbo.

Mdogo wangu, miaka 22, alipanda Hiace kutoka Kasulu kuja mjini. Ikaikwaa lori kwa nyuma, si kwa kasi kubwa. Yeye alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, ubavu wa kushoto ukagonga chuma cha kiti cha mbele. Akafika nyumbani kwa miguu yake, akala ugali na dagaa, akalala. Kesho yake analalamika bega la kushoto. Bega! Tumbo hata hakulitaja. Tukamwita mzee wa kuchua, akampaka mafuta akalikanda bega lile mpaka likang'aa.

Siku ya tatu usiku alikwenda chooni akaanguka. Tumemwinua ana jasho la baridi, midomo myeupe, anaomba maji kila dakika. Tukakimbia Maweni. Ultrasound ya tumbo ikaonyesha damu imejaa, bandama limepasuka. Wakampasua usiku uleule, tukatafutiwa watu wa kutoa damu. Bandama likatolewa. Yuko hai, anavua.

Daktari alituuliza kama amekuwa akiugua malaria mara kwa mara. Nani Kigoma hajaugua? Akasema bandama la mtu wa malaria huwa kubwa, linatokeza chini ya mbavu, na linapasuka kirahisi kuliko la mtu mwingine. Wakati mwingine linapasuka ndani kwa ndani, ganda lake linaishikilia damu siku kadhaa, halafu ganda nalo linaachia. Hapo ndipo mtu anaanguka.

---

Kokwa la Embe

@Mgebuka Mkavu samahani mkuu, bega na bandama vinajuana wapi?

---

Tabibu wa Pembezoni

@Kokwa la Embe swali zuri. Damu iliyomwagika tumboni inaugusa ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa msuli huo unatokea shingoni, mahali pamoja na mishipa ya ngozi ya bega. Ubongo unapokea kelele, unadhani zinatoka begani. Kwa hiyo bega la kushoto linalouma baada ya ajali, ukilinyanyua haliongezi maumivu, lakini ukilala chali ndiyo linazidi: hilo si bega, ni tumbo. La kulia fikiria ini.

Na @Mgebuka Mkavu, mwambie mdogo wako kwamba mtu asiye na bandama hana ruhusa ya kungoja homa. Akipata homa, siku hiyohiyo hospitali, kwa malaria na kwa vijidudu vingine. Aulizie pia chanjo zake.

---

Mgebuka Mkavu

Chanjo alipewa. La homa nitamkazia, maana ni mbishi.

---

Bwana Shaka

Mnatisha watu. Kila aliyerushwa na tuta la barabarani akapige CT? Hizo hela nani anatoa? Mimi nimepinduka na bodaboda mara tatu, nipo hapa natype.

---

Kijukuu cha Isevya

@Bwana Shaka sijasema kila mtu. Mimi shingo yangu haikupigwa hata eksirei na nilipona. Ninachosema ni kuangalia. Tatizo la bamdogo halikuwa hela, tungeuza hata magunia ya mpunga. Tatizo hakuna aliyeunganisha tarehe.

---

Tabibu wa Pembezoni

@Bwana Shaka ana hoja, tusimpuuze. Wengi wanaotikiswa hupona kwa kupumzika, na CT ina mionzi na gharama. Lakini kuna mambo mimi sijadili: kichwa kinachozidi siku hadi siku badala ya kupungua, kutapika zaidi ya mara moja, usingizi usio wa kawaida, kuchanganya maneno, degedege, upande mmoja kulegea, maji mepesi au damu kutoka puani au sikioni. Upande wa tumbo: likikaza kama ubao, au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Alama ya mkanda wa gari iliyobaki kama mchoro mwekundu tumboni nayo niletee, maana utumbo unaweza kuwa umetoboka na ukaanza kuuma kesho yake au keshokutwa. Kifua: dereva aliyegonga usukani, akianza kuhema kesho yake, asiseme ni mafua.

Eksirei ya kichwa ikiwa safi isikulaze. Inaonyesha mfupa, damu haiionyeshi.

---

Dada Wodini

Naongezea la wajawazito maana limesahaulika. Mimi ni mkunga. Mama mwenye mimba kubwa akipata ajali, hata gari ikiwa imefunga breki tu akabanwa na mkanda, aje. Asisubiri maumivu. Kondo la nyuma linaweza kuanza kubanduka bila damu kuonekana nje, damu inajikusanya ndani. Tunamweka chini ya uangalizi saa kadhaa, tunasikiliza mapigo ya mtoto, tunashika tumbo kuona kama linakaza. Mama akiona mtoto hachezi kama jana, au maji yanatoka, hiyo ni dharura. Na aje na kadi yake ya kliniki. Kama kundi lake la damu ni hasi, kuna sindano anatakiwa apate ndani ya saa 72. Wengi hawaijui.

Mkanda mjamzito avae. Ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti. Siyo kuuacha kwa kuogopa.

Watoto wachanga: hawezi kukwambia kichwa kinauma. Akikataa kunyonya, analia kwa sauti nyembamba isiyo yake, utosi umevimba, kimbia.

---

Kokwa la Embe

Na kukanda maji ya moto? Bibi yangu kila kitu anakanda.

---

Dada Wodini

Siku mbili za mwanzo baridi, si moto. Barafu ifungwe kwenye kitambaa. Shingo na mgongo msikande wala kunyoosha kabla ya kuonwa. Na mguu ulioumia ukianza kukaza, unauma kupita jeraha lenyewe, vidole vikiguswa tu unapiga kelele, hiyo si ya kukanda wala ya kungoja asubuhi. Ndani misuli inabanwa na uvimbe, inakosa damu. Hata aliyefungwa plasta ngumu arudi ikatwe.

---

Wakala wa Chemchem

Niseme ya karatasi, ndiyo kazi yangu. Mtu akidai bima baada ya ajali, ataulizwa PF3, ripoti ya trafiki na vyeti vya hospitali. Aliyenyoosha mkono siku ile anazo. Mleta uzi na bamdogo siku ile "hawakuumia", kwa hiyo kwenye karatasi hawakuwepo ndani ya gari! Siku ya 19 unaanza kutafuta nani alikuona. Kwa hiyo hata kama huumwi, jina lako liandikwe, na stika ya bima ipige picha. Na zile karatasi za kando ya barabara, "tumeelewana, nimepokea elfu hamsini, sitadai tena", usiweke sahihi. Elfu hamsini haifiki hata Nzega na mgonjwa wa kichwa.

Mgonjwa akiwa hoi msihangaike na PF3 kwanza. Mpelekeni, ndugu mmoja aende kituoni.

---

Kijukuu cha Isevya

@Wakala wa Chemchem umenigusa pabaya. Tulilipa wenyewe mwanzo mwisho.

---

Suka Mstaafu

Mimi nilikuwa dereva. Sikuumia popote. Ila baada ya ajali nilikuwa nikisikia breki ya lori natetemeka, usiku naota vioo. Nilidhani ni ya wiki moja, ikafika miezi mitano, nikaacha usukani. Hospitali walisema ikizidi mwezi ni ugonjwa kamili na una tiba yake. Mke wangu ndiye alinipeleka. Sisemi zaidi.

---

Mama Neema wa Kanyenye

Jamani nimesoma huu uzi naogopa. Mama mkwe wangu ana miaka 67, alidondoka kwenye bajaji siku 11 zilizopita. Aliinuka mwenyewe, mkono ulichubuka tu. Tangu juzi kichwa kinamuuma na leo katapika mara mbili. Anatumia dawa za presha. Shemeji kaenda kumnunulia mseto.

---

Tabibu wa Pembezoni

@Mama Neema usimpe kitu kwa sasa. Muulize leo ni siku gani, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele afumbe macho, uangalie kama mmoja unashuka. Hata akifanya vizuri, mpeleke Kitete leo, na ukifika dirishani neno la kwanza ni bajaji, siku 11. Dawa zake zote za presha zibebe zilivyo.

---

Kijukuu cha Isevya

Mama Neema, tupe habari ukifika.

---

Mama Neema wa Kanyenye

Tumefika. Mikono ilikuwa sawa. Nimesema bajaji mpaka walinzi wamejua.

---

Mama Neema wa Kanyenye

Wapendwa, CT imefanyika, hakuna damu. Wamempima tena kwa hadubini, vimelea kibao. Ni malaria kweli kweli 😅 Shemeji anajisifu hadi basi.

---

Tabibu wa Pembezoni

Alhamdulillah. Sasa huo mseto umepata mwenyewe. Ameze na maziwa au chakula chenye mafuta, asimeze na chai kavu. Na kichwa kikiendelea baada ya dozi, mnarudi.

---

Mama Neema wa Kanyenye

Asante tabibu. Anasema hela ya kipimo tungemnunulia vitenge.